Muulize Fundi: Canter inadondosha oili kwa nyuma, nishushe gia boksi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wa hapa Masasi, nina Canter ya zamani ile injini 4D33, nabeba mizigo ya hapa na pale, na msimu wa korosho ukifika natoa korosho za AMCOS, ule ushirika wa wakulima, kupeleka ghalani Mtwara, kurudi napakia saruji. Sasa kuna oili inadondoka kwa nyuma pale injini inapoungana na gia boksi, si nyingi, asubuhi nakuta alama chini ukubwa wa kisahani cha chai. Fundi wa kwanza kasema ni sili ya nyuma ya krenki, yaani ule mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma, lazima gia boksi ishuke. Wa pili kasema injini imechoka hiyo, ifanyiwe ovahoo tu, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya. Dereva mwenzangu naye ananiambia nihamie oili nzito itaacha yenyewe. Msimu huo unakuja na hela ya ovahoo sina. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla mtu hajashika spana, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela.

Hao mafundi wako wanaweza wote kuwa sahihi, siwezi kuwabishia nikiwa mbali, ila kwa maelezo yako sijaona hata mmoja aliyeosha injini kabla ya kutoa jibu. Na hapo ndipo kazi inapoanzia. Oili ikitoka juu inateremka na ubavu wa bloki, gari likitembea feni na upepo wa barabarani vinaisukuma kwenda nyuma, kwa hiyo oili karibu yote inayovuja kwenye Canter, iwe imetokea mbele, juu au ubavuni, itamalizia safari yake palepale chini ya hauzingi ya klachi, lile kasha kati ya injini na gia boksi. Fundi akilala chini akakuta pameloa anasema sili ya nyuma. Jibu rahisi, na jibu linalolipa pia, kwa sababu kushusha gia boksi na kuirudisha ni kazi ya siku nzima ya watu wawili, wakati gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ni kazi ya muda mfupi ambayo utingo wako akiangalia mara moja ya pili anafanya mwenyewe.

Kwa hiyo osha. Injini ikiwa imepoa kabisa, chukua brashi, dizeli kidogo ya kulainisha lile gamba la oili na vumbi jekundu, halafu maji ya moto na sabuni ya unga, sugua kuanzia juu kwenye tapeti kava mpaka chini ya sampu, ile trei ya oili, na hauzingi usiisahau. Altaneta, stata na mdomo wa hewa vifunike na mfuko wa nailoni, maji yasiingie huko. Petroli usitumie, najua wengi wanatumia na wanasema haijawahi kuwaka, ngoja siku yao. Ukimaliza puliza na kompresa au iache juani ikauke vizuri, ukiharakisha utakuja kuyaona maji ukadhani ni oili.

Kabla ya kuwasha angalia stiki ya oili, gari likiwa kwenye tambarare na limekaa kama dakika kumi tangu lizimwe. Ikiwa imezidi alama ya juu toa kwanza. Kuna madereva wanamimina tu "iwe nyingi kwa usalama", kumbe krenki ikianza kuichapa ile oili inafanya povu, presha ndani inapanda na injini inatema kwenye kila sili. Nimeona Canter nyingi zinaitwa zinavuja kumbe zimeshibishwa.

Sasa washa, iache ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, chukua tochi uangalie, usipoona kitu nenda nayo Ndanda urudi, hata ukiwa na mzigo kidogo si mbaya. Ukirudi usiende moja kwa moja kulala chini. Fungua kibini uanze juu. Unachotafuta ni sehemu ya JUU KABISA na ya MBELE KABISA iliyoloa oili mbichi, ile nyeusi inayong'aa. Kila kilicho chini yake na nyuma yake kimelowanishwa tu, hakina kesi. Pita na kidole, kidole kinasema ukweli kuliko macho, pitisha kwenye maungio ya tapeti kava, shuka ubavuni, filta, mabomba, mpaka ukute mpaka wa pakavu na palipoloa.

Ikiwa inavuja kidogo sana huoni kitu, pakaza poda ya mtoto kwenye sehemu unazoshuku, ipulize iwe nyembamba tu, halafu endesha tena. Pale oili inapochomoza poda inageuka rangi na kufanya mchirizi, unaufuata mpaka juu ulipoanzia. Poda ikikosekana unga mkavu wa muhogo unafanya kazi hiyohiyo, huku kwetu haukosekani. Ila saruji usithubutu, kwa sababu najua unabeba na vumbi lake liko kila mahali kwenye gari, saruji ni msasa, ikiingia kwenye mdomo wa sili umejitengenezea kazi mpya.

Nikupe watuhumiwa wa Canter kwa mpangilio ambao mimi ningewafuata. Tapeti kava kwanza. Gasketi yake ni ya mpira, na mpira ukikaa na joto miaka unakuwa mgumu kama plastiki, ukiubonyeza na ukucha haurudi. Kona za nyuma ndizo zinaanza, na oili ya kona ya nyuma inateremka na nyuma ya bloki moja kwa moja hadi kwenye hauzingi, yaani mtu akiangalia kutoka chini ataapa ni sili ya krenki. Badilisha gasketi na vile vimpira vya kwenye bolti zake. Na usikaze kwa hasira, kava likipinda halitaziba tena hata uweke gasketi ya dhahabu.

Wa pili ni vakyumu, ile pampu ya breki iliyokaa nyuma ya altaneta. Ile inalainishwa na oili ya injini, ina bomba la kupeleka oili na bomba la kurudisha, na mipira yake kwa umri wa gari lako itakuwa imeshapasuka pasuka. Shika mpira huo uuzungushe, kunja kidogo, ukiona nyufa na unyevu hapo umeshapata mtu wako. Angalia na pale pampu inapoungana na altaneta, sili ya hapo ikifa oili inaingia ndani ya altaneta yenyewe, utakuja kushangaa chaji haipandi na fundi umeme atakuuzia altaneta nyingine wakati ugonjwa ulikuwa sili ndogo.

Halafu kuna swichi ya presha ya oili, kale kadude kenye waya mmoja kanakowasha taa nyekundu kwenye deshibodi. Chomoa ule waya. Ukikuta tundu lake limejaa oili, au waya umelowa oili kwa ndani, swichi imepasuka katikati na inatema kila injini ikiwaka. Hii ni ya kubadilisha, hairekebishwi. Inadanganya sana hii kwa sababu inavuja injini ikiwa inafanya kazi tu, ukizima inaacha, asubuhi unakuta tone mojamoja la masalia, ukadhani tatizo ni dogo kumbe njiani inakumaliza. Filta ya oili na gasketi za oili kula, kile kipoza oili, nazo ziko kundi hilo la presha. Kwenye filta angalia kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye bloki halafu mpya ikafungwa juu yake, inatokea mno kwenye gereji zenye haraka.

Chini kabisa kuna bolti ya kumwagia oili. Washa yake, ile pete bapa chini ya kichwa cha bolti, ikiwa ya shaba na imeshatumika mara nyingi inakuwa ngumu, haizibi. Kama duka la karibu hawana, ichome kwenye moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe, shaba inalainika tena, isafishe uifunge. Ikikataa tafuta mpya, bei yake haifiki hata soda.

Mbele kuna sili ya krenki nyuma ya puli. Ikivuja hii utaijua kwa kuwa puli inarusha oili kwa mzunguko, unakuta mstari wa oili kwenye feni, fenibelti na chini ya rejeta. Ukibadilisha sili, pitisha ukucha pale kwenye puli inapogusana na mdomo wa sili, ukikuta mfereji, sili mpya itavuja wiki hiyohiyo. Fundi mzuri ataiingiza sili milimita moja au mbili ndani zaidi au nje zaidi ili mdomo ukae pasipoliwa, au ataweka bushi ya chuma juu.

Haya, tuseme umeosha, umeendesha, juu kote pakavu, ubavuni pakavu, na oili inatoka tu kwenye kale katundu ka chini ya hauzingi. Bado usishushe. Kinga hayo matone kwenye kifuniko cheupe cha ndoo. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na inanukia kuungua. Oili ya gia boksi ni ya dhahabu au kahawia, nzito zaidi, na inanuka salfa, harufu ya kiberiti hivi, ukiisikia mara moja huisahau. Ikiwa ni hiyo ya pili basi injini haina kosa, ni sili ya mbele ya gia boksi. Ukiona majimaji mepesi yasiyo na weusi angalia silinda ndogo ya klachi. Fundi akishusha gia boksi kwa ajili ya sili ya krenki wakati inayovuja ni ya gia boksi utashusha mara mbili, na ya pili utailipia pia.

Ikiwa ni nyeusi, ndiyo, sasa sili ya nyuma ni mtuhumiwa halali. Lakini kuna swali moja la kuuliza kabla: kwa nini imevuja? Sili haifi tu kwa uzee, mara nyingi inasukumwa. Ndani ya injini kuna upepo unaopenya kwenye ringi za pistoni kuingia chini kwenye sampu, na upepo huo unatakiwa utoke kwa bomba la briza. Briza ikiziba, na huku inaziba kwa tope la oili, kwa vumbi la Newala, hata nyigu nimekuta amejenga kiota kwenye mdomo wa bomba la gari lililokaa msimu mzima, upepo unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili na gasketi. Ukibadilisha sili bila kuzibua briza, sili mpya inasukumwa kama ile ya zamani.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chomoa bomba la briza, lipulize, lioshe kwa dizeli, hakikisha halijakunjika mahali. Rudisha. Injini ikiwa ya moto na inanguruma yenyewe, fungua kifuniko cha kumiminia oili, kigeuze juu chini ukiweke tu juu ya tundu bila kufunga. Kikitetemeka kidogo ni kawaida ya injini yenye umri. Kikirukaruka na kudondoka, na moshi unatoka pale kwa mapigo, hapo fundi wako wa pili ana hoja, ringi zimechoka, na sili utabadilisha utachoka. Kama kimetulia, hiyo ovahoo sahau.

Kuhusu oili nzito. Nafikiri wewe unatumia 15W-40 na huyo dereva mwenzio anataka uende SAE 40. Injini ikishapata moto hizo mbili ni uzito mmoja, kwenye nyuzi 100 zote zinapimwa kwenye daraja lilelile la 40, tofauti yao iko kwenye ubaridi tu, na ubaridi Masasi tunaupata wapi. Kwa hiyo haitabadili kitu njiani, labda matone ya usiku yapungue kidogo. Zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja zinavimbisha mpira wa sili, kwa sili iliyokauka zinaweza kukuvusha msimu, kwa sili iliyolika au gasketi iliyopasuka ni hela umetupa. Sizipendi lakini sitakukataza.

Na mwisho ujipime, je ni lazima utengeneze sasa? Alama ya kisahani kwa usiku mmoja ni mililita chache sana. Ikiwa stiki inashuka taratibu na unaongeza kidogo kila baada ya wiki kadhaa, beba galoni ya oili kwenye kibini ufanye msimu, utashusha gia boksi Februari ukiwa na hela na ukabadilisha na sahani ya klachi kabisa kwa kuwa umeshafungua. Mambo matatu tu ndiyo yatakulazimisha usisubiri. Klachi ikianza kuteleza, unapanda Newala na mzigo injini inalia juu gari haliendi, ujue oili imefika kwenye sahani. Oili ikidondokea kwenye bomba la moto la ekzosi ukaona moshi unatoka chini ya kibini, hiyo inawaka siku moja. Na taa ya presha ikiwaka, hata kwa kukonyeza, unazima palepale ulipo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama wa biashara hapa Nachingwea, nina Canter nimempa dereva anaendesha. Kila wiki ananidai hela ya oili lita nne, anasema injini inavuja. Gari mimi silijui, nitajuaje kama kweli inavuja au naibiwa?

JIBU: Nzuri mama yangu. Swali lako wengi wanalo ila wanaona aibu kuuliza. Oili ikipungua imeenda sehemu tatu, imevuja, imeungua, au imeuzwa, na mbili za kwanza zina ushahidi.

Tuanze na hesabu. Tone moja la oili lichukulie kama sehemu ya 20 ya mililita. Gari likidondosha tone moja kila dakika, usiku na mchana bila kupumzika, ni matone 1,440 kwa siku, hapo ni kama mililita 70, wiki nzima inakuja nusu lita. Lita nne kwa wiki maana yake ni matone kama nane kila dakika, saa zote. Gari la namna hiyo likilala uani kwako asubuhi utakuta dimbwi, kuku wanaogelea. Ukweli ni kwamba injini ikiwaka inavuja kuliko ikilala, hasa kama imepasuka mahali pa presha, kwa hiyo usihukumu kwa matone ya usiku peke yake, ila basi chini ya gari kote kutakuwa kumelowa, gia boksi, propela, mpaka difu ya nyuma itakuwa nyeusi imeshika vumbi. Mwambie kijana yeyote aingie chini na kitambaa cheupe. Kukiwa na vumbi kavu tu, oili haikupita hapo.

Kuungua nako kunaonekana. Gari likiwashwa asubuhi au likikanyagwa kupanda mlima linatoa moshi wa bluu na harufu kali. Injini kuukuu ikila lita moja kwenye kilomita 1,000 unaweza kuendelea nayo huku unajipanga, ikizidi sana hapo peleka kwa fundi.

Cha kufanya, siku ya kubadilisha oili uwepo mwenyewe. Imiminwe mpaka alama ya juu ya stiki. Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa palepale pa jana kwenye tambarare, stiki inafutwa, inachomekwa, inatolewa, inapigwa picha unatumiwa kwa simu. Ikifika alama ya chini unanunua wewe lita moja kwa kipimo, inamiminwa unaona, unaangalia imepanda kiasi gani. Baada ya hapo umeshajua kutoka alama hadi alama ni lita ngapi kwa gari lako na hakuna mtu wa kukupiga chenga. Na nunua oili duka unaloliamini, chombo kikiwa na sili yake, maana zile za kupimwa kwenye chupa za maji huwezi kujua imetoka injini ya nani.

Dereva usimwambie unamshuku. Mwambie fundi wa gazetini kasema tupime, na kama gari linavuja kweli atashukuru, kwa sababu yeye ndiye anayelala chini ya gari Mnazi Mmoja saa nane usiku.

SWALI: Fundi mambo vipi, niko Lindi mjini. Isuzu NPR yangu ilikuwa inavuja kwenye sampu, nikampa fundi akaifungua akaweka silikoni ya kutosha kabisa, kuvuja kumeacha. Sasa injini ikipata moto taa ya oili inakonyeza nikiwa kwenye foleni. Fundi anasema ni waya. Niendelee na safari?

JIBU: Poa mdogo wangu, ila zima hilo gari kwanza halafu endelea kusoma.

Inaweza kuwa waya kweli, lakini kwa historia hiyo mimi sitaanza na waya. "Silikoni ya kutosha" ndiyo inayonitisha. Ukipaka nyingi, ile uliyoiona imebinuka kwa nje imebinuka hivyohivyo kwa ndani, kile kinyama cha ndani kinalainishwa na oili ya moto kinakatika, kinaogelea kwenye sampu mpaka kinafika kwenye chujio la pampu ya oili. Pampu inavuta inakosa. Injini ikiwa baridi oili inatosha tosha, ikipata moto ikawa nyepesi presha inashuka, taa inakonyeza. Ukiendelea hivyo beringi za krenki zitaanza kugonga, na hiyo si ya sampu tena.

Kama kuna fundi ana geji ya presha ya mkono, afunge pale kwenye tundu la swichi asome injini ikiwa ya moto, hapo utajua kama ni waya au la. Kama hana, shusha sampu. Safisha chujio, toa silikoni yote ya zamani kwa kikwangulio, futa mpaka pawe pakavu kabisa, mafuta yakibaki silikoni haishiki. Angalia mdomo wa sampu, bolti zikikazwa kupita kiasi bati linavimba kuzunguka kila tundu na hapo ndipo ilipokuwa inavujia tangu mwanzo, linyooshe kwa nyundo juu ya mbao tambarare. Silikoni mpya inapita uzi mmoja mwembamba wa milimita 3 hivi, ukipita kwa upande wa ndani wa matundu ya bolti. Kaza kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, na iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili. Akikuharakisha mwambie una muda.

SWALI: Mimi yangu ni kinyume, Fuso yangu haipungui oili, inaongezeka. Stiki imepita alama ya juu na sijaongeza kitu. Ni baraka? Msomaji, Kilwa.

JIBU: Hapana mzee wangu, na usiliwashe. Kuna kitu kimeingia, ni dizeli au maji. Vuta stiki unuse, ukisikia dizeli na oili imekuwa nyepesi kama maji kwenye vidole, mwambie fundi aanze na pampu ndogo ya kusukumia dizeli iliyo ubavuni mwa pampu kubwa, sili zake zikifa dizeli inapita ndani, halafu aende kwenye pampu kubwa yenyewe na mabomba ya kurudishia ya nozeli. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ni maji, basi angalia gasketi ya hedi na oili kula, na rejeta nayo uifungue uone kama kuna oili inaelea juu. Kwa vyovyote oili hiyo imwagwe yote pamoja na filta, na tatizo lipatikane kwanza ndiyo uweke mpya, vinginevyo utanunua mara mbili.